Mazuku, moshi wa Nyiragongo na maji ya mvua: tunapima hewa ya nani hapa Goma?

Mpima_Mvua (Goma, Himbi)

Ndugu zangu wa jukwaa,

Naleta uzi huu kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea siku moja. Asubuhi simu zetu zilijaa ramani ya setilaiti yenye wingu jekundu la moshi wa volkano juu ya Kivu ya Kaskazini, na chini yake maneno ya kutisha, majirani wakaja kuniuliza kama watoto waende shuleni au wabaki nyumbani, kwa kuwa wanajua kazi yangu ni kupima maji. Nilitoka nje, nikavuta pumzi, hewa ilikuwa ya kawaida. Kabla ya saa sita mchana nikapigiwa simu kutoka upande wa barabara ya Sake kwamba mbuzi wawili wamekutwa wamekufa ndani ya shimo la mawe ya lava, hawana jeraha, na mdomoni bado wana majani. Kwenye ile ramani, mahali pale hapakuwa na rangi yoyote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema jambo moja, nami nalisema tena hapa ili mnikosoe: kipimo cha hewa kina faida kwa mtu kikichukuliwa pale pua yake ilipo, na saa ile anayokuwa pale. Vingine vyote ni vya lazima kwa sayansi, lakini haviwezi kumjibu mama anayeuliza mtoto alale wapi.

Nianze na ramani. Chombo kinachotoa picha hizo kinaitwa TROPOMI, nacho kimebebwa na setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017. Chombo hiki hakinusi hewa. Kinatazama mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini na mawinguni, kisha kinakadiria ni kiasi gani cha mwanga wa urujuanimno kimemezwa njiani na dioksidi ya salfa, gesi kali iliyomo kwenye moshi wa volkano. Namba inayopatikana ni jumla ya gesi yote iliyomo kwenye nguzo ya hewa kutoka chini hadi juu, wala haisemi kwa urahisi kama gesi hiyo ipo kwenye mwinuko wa kilele au kwenye mwinuko wa dirisha. Volkano yetu Nyiragongo ina kimo cha mita 3,470, na mji wetu uko kando ya Ziwa Kivu kwenye mita 1,460 hivi. Moshi ukitoka kreta ukapita juu yetu bila kushuka, uko kilomita mbili juu ya vichwa vyetu. Ramani itawaka, na sokoni Virunga hakuna atakayekohoa. Siku nyingine upepo unausukuma upande wa magharibi na kuulaza kwenye miteremko ya Rusayo, ambako macho yanawasha na majani ya maharage yanaungua kingo, ilhali picha inaonyesha rangi hafifu tu. Kila doa la picha hiyo lina kilomita 3.5 kwa 5.5, kwa hiyo kijiji kizima na mashamba yake vinamezwa na doa moja.

Sisemi setilaiti hazina kazi. Volkano chache sana duniani zimetoa dioksidi ya salfa kwa wingi na kwa miaka mfululizo kama hizi zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, na bila macho ya angani tusingeweza kufuatilia moshi huo wakati wa hatari, ambapo hakuna mtu anayeweza kupanda mlima. Ninachosema ni kwamba setilaiti ile inapita juu yetu mara moja kwa siku, kama saa saba na nusu mchana, mawingu yakiruhusu. Wakati huo jua limepasha mawe, upepo wa ziwa unavuma, na gesi iliyolala mabondeni imekwisha kupeperushwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye mazuku. Neno hili ni letu, na wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wanaliandika hivyo hivyo katika majarida yao bila kulitafsiri. Ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, inayopanda kutoka chini kabisa kupitia nyufa za miamba na kujikusanya kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa ukanda wa kaskazini mwa ziwa kutoka magharibi ya mji hadi Sake. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama kama maji. Katika hewa safi, gesi hii ni kama sehemu 0.04 tu kwa 100. Ikifika 3 kwa 100 mtu anaanza kuhema na kichwa kinauma; ikipita 10 anapoteza fahamu ndani ya dakika chache; ikifika 30, pumzi chache zinatosha kumwangusha. Haina rangi, nayo kwa kawaida haina harufu ya kumwonya mtu.

Nilikwenda kwenye lile shimo la mbuzi siku iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na kifaa cha kupimia nilichoazimwa. Ukingoni palikuwa na kereng'ende waliokufa na mjusi mmoja mkavu. Majani ya ndani yalikuwa ya kahawia hadi kwenye mstari mmoja ulionyooka kama uliopimwa kwa kamba, na juu ya mstari huo yalikuwa mabichi. Nilisimama nje, nikafunga kifaa kwenye kijiti kirefu, nikakishusha polepole. Usawa wa kifua changu, namba ilikuwa karibu na ya kawaida. Usawa wa goti, kengele ililia. Nilipokitoa, nilibaki nimesimama nikiwaza kwamba mtu mzima angevuka pale akienda shambani akisema hakuna kitu, na mwanawe wa miaka mitatu anayemfuata nyuma asingefika upande wa pili. Nilirudi saa tisa mchana, nikashusha kifaa mahali pale pale, na namba ilikuwa imeshuka mno. Mtu angefika mchana tu na kipimo chake, angeandika kwamba shimo lile ni salama.

Jambo la tatu ni maji. Wengi wetu tunakinga mvua, kwa kuwa bomba halifiki au linafika kwa siku. Moshi wa volkano haubebi salfa peke yake. Una pia asidi ya haidrokloriki na ile ya floridi, na gesi hizi mbili zinayeyuka kwenye tone la mvua kwa urahisi sana. Mvua ya kawaida ina pH, yaani kipimo cha asidi, ya 5.6 hivi, na kila namba moja inayoshuka, asidi imeongezeka mara kumi. Floridi ndiyo inayonisumbua kuliko asidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa zaidi ya hapo kwa miaka ambayo meno yake ya utu uzima yanaumbika, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, meno yatatoka na madoa meupe au ya kahawia, na madoa hayo hayaondoki kwa kupiga mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa mno kwa miaka mingi, mifupa nayo inaathirika. Nyamulagira ilipolipuka Januari 2010, watafiti walipima maji ya mvua katika eneo letu wakati wa mlipuko na wakachapisha matokeo yao, wakionyesha jinsi moshi ulivyobadilisha maji ambayo watu hawana mbadala wake. Kazi ya namna hiyo ingefaa ifanywe kila msimu, hata mlima unapokuwa kimya.

Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilijenga matangi ya mvua katika kijiji kimoja cha magharibi, matangi mazuri yenye bomba la shaba na bango. Niliuliza maji yamepimwa nini, nikaonyeshwa cheti cha vijidudu. Floridi haikuwamo kwenye fomu, kwa hiyo hakuna aliyeipima. Watoto wa pale wakicheka, unaona madoa kwenye meno.

MamaNzulo (Goma, njia ya Sake)

Asante sana, kaka. Mimi ninaishi huko unakosema. Tulifundishwa na wazee tuwashe mshumaa au kibatari kabla ya kuingia shimoni au kwenye chumba kilichofungwa muda mrefu, ukizimika, tunatoka. Je, njia hii inatosha? Nauliza kwa sababu nyumba yetu ina chumba cha nyuma kilichochimbwa ndani ya mawe, na watoto wanalala huko kwenye mkeka. Mara mbili wameamka na kichwa kinauma, nasi tulidhani ni malaria.

Mpima_Mvua

Dada MamaNzulo, nakuomba kabla ya kusoma mengine: leo watoto wasilale katika chumba hicho. Walale chumba cha mbele, juu ya kitanda, na dirisha liachwe wazi kidogo.

Kuhusu mshumaa, wazee walituokoa kwa maarifa hayo, ila yana mpaka. Mshumaa ukizimika, hapo pamekwisha kuwa pabaya kabisa. Lakini unaweza kuendelea kuwaka kwenye hewa ambayo tayari ina hewa ukaa 4 au 5 kwa 100, na hiyo inatosha kumuumiza kichwa mtu aliyelala humo usiku kucha. Viwandani, kikomo cha mtu anayefanya kazi saa nane ni 0.5 kwa 100, nacho kimewekwa kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa hiyo mshumaa uliozimika ni onyo la kuaminika, lakini mshumaa unaowaka usikufanye useme ni salama. Tena watu wanaushika mkononi, usawa wa tumbo. Uwekwe chini, pale kichwa cha mtoto kinapolala.

Na jambo ambalo huongeza vifo: ukiona mtu ameanguka ndani, usiruke kumfuata. Wa kwanza kuangushwa na gesi huwa mmoja. Wa pili na wa tatu ni ndugu waliokwenda kumtoa. Tafuteni kamba au mti mrefu, mvuteni kutoka juu mkiwa upande unakotoka upepo.

Je, mnapika kwa makala (makaa) katika chumba hicho au karibu nacho? Jibu lako ni muhimu.

MamaNzulo

Jioni tunaingiza mbabula, jiko la makaa, ndani ikiwa na makaa ya mwisho, kwa ajili ya baridi.

Mpima_Mvua

Basi hapo kuna mashaka mawili, nami sitaki kuusingizia mlima. Makaa yanayofifia hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo ni gesi nyingine kabisa: haitulii chini kama mazuku, inaenea chumba kizima, inashika damu mahali pa oksijeni na inaua kwa kiasi kidogo mno. Dalili za mwanzo zinafanana, kichwa kuuma na kichefuchefu. Mbabula ibaki nje, dada, hata usiku wa baridi. Kisha nitakuja na kifaa alfajiri moja, tupime chumba bila moto, ndipo tutajua la ardhini ni lipi na la makala ni lipi.

Fundi_Paa (Goma, Katoyi)

Mzee Mpima, mimi nimeezeka nyumba Rusayo na nimeezeka Goma mjini. Bati lile lile, misumari ile ile, fundi yule yule. La Rusayo linaanza kutoboka kwenye misumari na kwenye mikunjo kabla ya la mjini kubadilika rangi. Wenye nyumba wanasema nimewauzia bati bandia. Nimefurahi kusoma hapa kwamba si mimi.

Swali langu: maji yakichemshwa, hiyo floridi inatoka? Mke wangu anachemsha kila kitu.

Mpima_Mvua

Fundi, shahidi wako ni wa maana kuliko unavyodhani; bati ni kipimo cha asidi kilichotundikwa juu ya kila nyumba kwa miaka. Ukikumbuka mwaka ulipoezeka kila nyumba na mwaka ilipotoboka, andika.

Hapana, kuchemsha hakuondoi floridi. Kunaua vijidudu, na hilo ni jema, aendelee, lakini maji yanapopungua kwa mvuke floridi inabaki sufuriani, kwa hiyo kila lita iliyobaki inakuwa na nyingi kidogo kuliko mwanzo. Makala ya kawaida yaliyosagwa nayo hayasaidii sana. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto kubwa na hewa kidogo, ikasagwa na kuoshwa, kwa sababu madini ya fosfati yaliyomo ndani yake yanaishika floridi. Wenzetu wa Tanzania wameifanyia kazi njia hiyo kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha, na Kenya wameitumia Nakuru, maana sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina ugonjwa huu. Machinjio tunayo, mifupa inatupwa. Lakini kichujio cha namna hiyo kinachoka baada ya muda bila dalili yoyote ya nje, na bila mtu wa kupima maji yanayotoka, familia itaendelea kukiamini kikiwa kimekwisha kazi.

Kilicho rahisi kuanza nacho ni maji ya kwanza. Niliwahi kuweka beseni mbili wazi uani, moja dakika za mwanzo za mvua iliyokuja baada ya wiki ya ukavu, nyingine nusu saa baadaye. Karatasi ya kupimia asidi iligeuka rangi wazi kabisa kwenye beseni la kwanza, na kwenye la pili ikawa karibu na maji ya kawaida. Matone ya kwanza ndiyo yanayofagia hewa, na kwenye paa ndiyo yanayoosha majivu na vumbi lililokaa. Fundi, wewe unaweza kutengeneza kiungo cha bomba kinachomwaga maji hayo nje kabla ya kufungulia tangi. Wakati wa moshi mzito, funika kabisa.

Na naomba nisieleweke vibaya: asiache mtu maji ya mvua akakimbilia maji ya ziwa yasiyotiwa klorini. Floridi inaharibu kwa miaka, kipindupindu kinaua kwa siku moja.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Ndugu Mpima, nakubaliana na mengi, ila nakupinga kwa jambo moja. Unatumia nguvu nyingi kwa mashimo madogo na ndoo za mvua, wakati ziwa tunaloishi kando yake, ninyi kaskazini na sisi kusini, limehifadhi kilomita za ujazo kama 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo kuliko letu mara nyingi, liliua watu zaidi ya 1,700 usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, kwa gesi ile ile ya mazuku. Je, utafiti usiende kwanza kwenye hatari kubwa?

Mpima_Mvua

Mwalimu, heshima kwako. Hatari ya ziwa ni kubwa, na ndiyo maana imepata watu wa kuitazama: gesi ile inashikiliwa kilindini kwa uzito wa maji ya juu na kwa tofauti ya chumvi kati ya tabaka na tabaka, vipimo vyake vinarudiwa, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unavuta methani na kutoa umeme wa megawati 26. Sitaki kazi hiyo ipungue hata kidogo. Lakini ziwa halijalipuka, nasi tunaomba lisilipuke, ilhali mazuku yanachukua mtu mmoja mmoja, mchunga mbuzi, mkimbizi aliyepewa kiwanja bondeni kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mmoja mmoja hawafanyi habari. Watafiti walichora mahali mazuku yalipo na kuchapisha mwaka 2010. Tangu hapo mji umepanuka kuelekea huko huko, na ramani ya mwaka ule haiwezi kujua nyumba iliyojengwa jana.

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)

Wandugu wa Kivu, sisi huku hatuna mlima wa moto, tuna mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba katikati ya mji. Nataka kuongeza kitu kwenye hoja ya Mpima, kwa sababu huku tulijifunza kwa uchungu.

Kwa miaka mingi tuliambiwa vumbi la migodi lipo lakini haijulikani kama linaingia mwilini. Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, hawakuishia kwenye hewa na udongo: walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wakubwa kwa watoto, na wakachapisha mwaka 2009. Waliokaa karibu na migodi na viyeyushio, chini ya kilomita tatu, walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, pamoja na madini ya risasi, kadimiamu na urani. Mwaka 2020 kundi hilo lilichapisha utafiti mwingine wa hapa Lubumbashi, watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za maumbile wakilinganishwa na 108 waliozaliwa bila kasoro, na wakaona uhusiano mzito na kazi ya migodini ya baba. Wao wenyewe walieleza kwamba uhusiano si ushahidi kamili wa chanzo, na ninawaheshimu kwa kusema hivyo. Ila baada ya mkojo kupimwa, mazungumzo yalibadilika. Hakuna aliyeweza tena kusema vumbi linabaki barabarani.

Kwa hiyo, kaka, ukisema kipimo kiwe pale pua ilipo, mimi nasema kisogee hatua moja zaidi, kiingie mwilini. Floridi inaonekana kwenye mkojo pia. Na meno ya watoto mnayo tayari, yanangoja daktari mmoja mwenye daftari.

Mpima_Mvua

Ndugu wa Kampemba, umenisahihisha na ninapokea. Nilikuwa nimesimama kwenye hewa na ndoo, nikasahau kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyekusanya sampuli ya miaka minane mdomoni mwake. Hapo lakini inahitajika ruhusa ya wazazi, kamati ya maadili na mtaalamu wa meno. Mimi peke yangu sina haki ya kuanza, na nitaandika barua kwa wanaoweza.

Ninachoweza kuanza nacho ni maji. Mvua za Septemba zinakaribia, na walioniandikia pembeni ni wengi, basi nawaomba hivi. Tumieni chupa ya plastiki safi, si ya glasi, kwa sababu floridi huingiliana na glasi na kipimo kinaharibika. Isuuzeni mara tatu kwa maji yale yale mtakayoyachukua. Jazeni mbili, moja ya dakika za mwanzo na moja ya baadaye, na juu ya kila moja andikeni tarehe, saa, mtaa, aina ya paa na umri wake, na moshi ulikuwa umelala upande gani. Msiweke jina la mwenye nyumba, herufi mbili zinatosha. Fundi Paa amekubali chupa za Rusayo zipokelewe kwake Katoyi.

Dada MamaNzulo, nitakuwa kwako kesho kutwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tafadhali usifungue mlango wa chumba cha nyuma kabla sijafika, na usiwashe chochote.

MamaNzulo

Sawa, kaka. Watoto wamelala mbele siku ya pili leo. Mdogo ameamka bila kulalamika kichwa.